Vimbunga na Sisi Watu wa Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga jirani zetu wa Tanzania na wiki chache baadaye Ialy kikapanda kuelekea pwani yetu, maswali hayajakatika. Yanaulizwa Marikiti, yanaulizwa barazani, yanaulizwa usiku wa manane kwenye vikundi vya WhatsApp vya mtaa. Mengine ni ya maana sana, mengine yamezaliwa na sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana. Hapa yamekusanywa yale yanayorudi kila mara. Msimamo nautoa mapema, usije ukausaka mpaka chini: mtu wa Mombasa ajiandae kwa maji kwanza, upepo baadaye.

Kimbunga ni kitu gani hasa?

Ni mfumo mkubwa wa mawingu, mvua na upepo unaozunguka eneo lenye mgandamizo mdogo wa hewa, na unazaliwa juu ya bahari yenye joto. Chakula chake ni maji ya moto. Bahari ikifika nyuzijoto 26.5 hivi au zaidi, na joto hilo likashuka hadi kina cha mita 50 au karibu na hapo, mvuke mwingi hupanda juu. Ukifika juu hupoa na kuwa mawingu, na wakati wa kupoa unaachia joto lake hewani. Joto hilo linazidi kuinua hewa, pengo linabaki chini, na hewa ya pembeni inakimbilia kulijaza. Kwa sababu dunia inazunguka, hewa hiyo haiendi moja kwa moja, inapinda. Kusini mwa ikweta huzunguka kwa kufuata mishale ya saa. Kaskazini, kinyume chake.

Katikati kuna jicho, ambalo mara nyingi huwa na upana wa kilomita 30 hadi 65. Humo upepo hutulia, na wakati mwingine jua huonekana. Kandokando ya jicho ndipo penye upepo mkali kuliko kote. Ndiyo maana wenye uzoefu husema ukiona ghafla kumetulia katikati ya dhoruba, kaa ndani: nusu ya pili inakuja, na upepo wake unatoka upande wa pili.

Kikishaingia nchi kavu kimbunga kinakosa maji ya moto na upepo wake hupungua upesi. Mvua ndiyo haina haraka. Idai kilitua karibu na Beira, Msumbiji, katikati ya Machi 2019, lakini watu walikufa hadi Chimanimani huko Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, kwa mafuriko na maporomoko ya milima. Jumla ya waliokufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi ilipita 1,000.

Taifuni, hurikeni, saikloni: ni vitu vitatu?

Ni kitu kimoja. Magharibi ya Pasifiki, yaani Ufilipino, Japani, Uchina na Vietnam, kinaitwa taifuni. Karibi na Marekani, hurikeni. Huku kwetu Bahari Hindi, saikloni. Kwa Kiswahili vyote ni vimbunga, na ukisikia taifuni imepiga Manila elewa ni jamaa wa Hidaya.

Wingi ndio tofauti. Pasifiki ya kaskazini-magharibi ndiyo inayoongoza dunia nzima: kwa wastani dhoruba 25 hivi zenye majina kila mwaka, nyingi kati ya Julai na Oktoba, ingawa hakuna mwezi ambao uko huru kabisa.

Wazee wanasema kimbunga hakiwezi kufika Mombasa. Ni kweli?

Wana sababu yao. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kama kilomita 450 tu. Ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayoipinda hewa ni sifuri kwenye ikweta yenyewe na ni dhaifu sana ndani ya nyuzi 5 hivi kila upande. Bila kupinda hakuna kuzunguka, na bila kuzunguka hakuna kimbunga. Zaidi ya hayo, vimbunga vya upande wetu husukumwa kuelekea magharibi kisha hupinda kusini, kwa hiyo Madagaska na Msumbiji ndizo zinazobeba mzigo mkubwa.

Lakini kanuni hii si ukuta wa Fort Jesus. Desemba 2001 taifuni Vamei ilizaliwa karibu na Singapore, takriban nyuzi 1.4 tu kaskazini mwa ikweta, mahali ambapo vitabu vilisema haiwezekani. Nadra, ndiyo. Haiwezekani, hapana.

Pwani ya Waswahili imewahi kupigwa?

Imepigwa, na vibaya. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu za Sultan Barghash bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa kizima. Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo imekuwa nyumba ya karafuu. Uchumi wa visiwa viwili ulibadilishwa na dhoruba moja. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kenneth, Aprili 2019, kilipita Ngazija kikaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na mpaka wa Tanzania. Jobo, Aprili 2021, kiliwatia hofu watu wa Dar es Salaam kisha kikafifia kabla ya kuleta madhara makubwa. Hidaya kilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024, kikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam na kusimamisha boti za Unguja.

Kaskazini nako si salama: Novemba 2020 kimbunga Gati kiliingia Somalia kikiwa na nguvu ambayo nchi hiyo haikuwahi kuirekodi.

Kwa hiyo tuko katikati, kusini kunapigwa na kaskazini kunapigwa. Tumebahatika kwa jiografia, na bahati hiyo ina mipaka.

Kimbunga kilicho mbali kinanihusu nini mimi niliye Kisauni?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa sababu karibu kila dhara tunalopata linatoka kwa kimbunga ambacho wala hakikutugusa.

Kwanza mawimbi. Upepo mkali ulio umbali wa mamia ya kilomita husukuma mawimbi marefu ambayo husafiri mbele ya dhoruba yenyewe. Unaweza kusimama ufukweni Nyali, anga jeupe, upepo mwanana, na bado bahari ikavuta watu. Hidaya kilipokaribia, serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuogelea na kuvua. Wapo waliocheka kwa sababu jua lilikuwa linawaka. Bahari haikuwa ikicheka nao.

Pili mvua. Ukingo wa nje wa mfumo huo hubeba mawingu mazito, na yakikutana na masika ambayo tayari yamelowesha ardhi, mitaro ya Mombasa, ambayo hata siku ya kawaida imejaa chupa za plastiki, inakataa kazi.

Tatu, na hili huwashangaza wengi: kimbunga kinaweza kutunyima mvua. Mwaka 2019 Idai na baadaye Kenneth vilivuta unyevu kuelekea kusini, na masika ya Kenya yakachelewa. Mkulima wa Kwale aliyekuwa akitazama mbingu mwezi wa Machi alikuwa anaidai Msumbiji mvua yake.

Msimu wake ni lini?

Kusini-magharibi mwa Bahari Hindi, kuanzia Novemba hadi Aprili. Hidaya na Ialy vyote vilikuja Mei, msimu ukiwa umekwisha kwa kalenda. Kwetu miezi ya kukaa macho zaidi ni Aprili na Mei: masika yako kileleni, bahari bado ina joto la kaskazi, na kusi inaanza kuingia.

Kusi ikivuma mpaka mabati yanalia, hicho si kimbunga kidogo?

La. Kusi ni pepo za msimu: zinavuma kutoka upande mmoja kwa miezi na hazina jicho. Zinaweza kuwa kali na kuzamisha ngalawa, lakini hazizunguki. Kile kizunguzungu kinachonyanyua vumbi na mifuko uwanjani nacho ni kitu kingine, kinakufa kwa dakika chache.

Na tsunami?

Tsunami hutokana na tetemeko au maporomoko chini ya bahari. Hali ya hewa haihusiki kabisa. Ile ya 26 Desemba 2004 ilianzia Sumatra na kufika pwani yetu saa kadhaa baadaye, siku yenye jua. Kimbunga unakiona kikija siku nyingi kabla, kwa setilaiti. Tsunami hukupa saa au dakika. Kwa zote mbili ukimbilie mahali pa juu, na hapo ndipo kufanana kunapoishia.

El Niño je?

Hiyo ni hali ya joto ya Bahari ya Pasifiki inayodumu miezi mingi na kubadilisha mvua za dunia, kama tulivyoona 1997 na tena mwishoni mwa 2023. Kimbunga kinaishi siku chache, mara chache wiki. Freddy cha 2023 ndicho kilichovunja desturi: kilidumu zaidi ya wiki tano, kikavuka Bahari Hindi yote kutoka karibu na Australia na kuipiga Msumbiji mara mbili.

Nani anavipa majina?

Kwa upande wetu orodha hupangwa kabla ya msimu kwa herufi za alfabeti, na majina huchangwa na nchi za kanda hii. Hidaya kwa H, kikafuatiwa na Ialy kwa I. Jina hutolewa na idara za hali ya hewa kama za Madagaska na Morisi, kwa ushauri wa kituo cha kanda kilichoko kisiwa cha Réunion. Akina dada wanaoitwa Hidaya walitaniwa vya kutosha mwaka ule, tuwaache wapumzike.

Nikisikia "dhoruba" na "kimbunga" kwenye taarifa, kipi kibaya zaidi?

Kipimo ni kasi ya upepo karibu na katikati. Ukifika kilomita 63 kwa saa unapata jina na kuitwa dhoruba. Ukifika 118 ndipo unakuwa kimbunga kamili. Kuanzia 166 ni kimbunga kikali, na ukipita 212 ni kikali sana.

Tahadhari moja: vipimo hivi haviongei habari ya mvua hata kidogo. Dhoruba hafifu inayotembea polepole inaweza kumwaga maji mengi kuliko kimbunga kikali kinachopita mbio. Mtu anayesema "kimeshapungua nguvu, tulale" amesoma nusu ya taarifa.

Bahari inapandaje mpaka kuingia majumbani?

Mambo mawili. Hewa katikati ya kimbunga ni nyepesi, kwa hiyo haiikandamizi bahari kama kawaida. Mgandamizo wa hewa hupimwa kwa hektopaskali, na kwa kila hektopaskali moja inayoshuka, maji hupanda kama sentimita 1. Hiyo ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni upepo unaosukuma maji kuelekea pwani hadi yanarundikana, hasa kwenye ghuba na mahali ambapo chini ya bahari pana mteremko mdogo. Novemba 2013 taifuni Haiyan ilipoingia Ufilipino, ni maji ya namna hii yaliyofagia mji wa Tacloban. Zaidi ya watu 6,000 walikufa nchini humo, na wengi wao walikuwa wamejiandaa kwa upepo.

Sasa lete hesabu hiyo Mombasa. Hapa maji hupwa na kujaa kwa mita 3 na zaidi wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari inapojaa kuliko kawaida. Dhoruba ikija wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, huenda usione kitu. Ikija siku ya bamvua, maji yamejaa, na mvua kubwa inashuka kutoka bara kuingia Tudor au Mtwapa, maji ya mitaro hayana pa kwenda. Kwa hiyo pamoja na taarifa ya hali ya hewa, uliza wavuvi: bamvua lini? Swali hilo moja litakufaa kuliko picha kumi za setilaiti.

Nijiandae vipi nyumbani?

Anza na mahali ulipo, kabla ya kununua chochote. Maji ya mvua ya mwaka jana yalifika wapi? Kama yalifika mlangoni, yatafika tena, na kama jirani ameziba mkondo kwa ukuta mpya yatafika juu zaidi. Wanaokaa sehemu za chini za Kisauni, Bamburi, Likoni na Jomvu wanalijua hili kuliko mhandisi yeyote. Amua mapema utakwenda kwa nani, na umwambie. Kufika kwa shangazi saa nane za usiku na watoto watano bila kumpigia ni kumtafutia maradhi ya moyo.

Mtaro ulio mbele yako zibua kabla ya masika. Najua ni kazi ya kaunti. Kaunti haitalala kwako siku maji yakiingia.

Maji ya kunywa ndiyo watu wengi huyasahau, kwa sababu nani anafikiria kiu wakati wa mafuriko? Maji yetu yanatoka mbali: Mzima, Marere, Tiwi, na Baricho kando ya mto Sabaki. Stima ikikatika kwenye pampu, mabomba ya mjini hukauka huku mvua inanyesha juu ya bati. Na yule wa mkokoteni hatavuka maji kukuletea. Weka lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kwa siku tatu. Nyumba ya watu sita inahitaji lita 72, yaani jerikeni nne za lita 20 na kidogo kinabaki cha wudhu.

Chakula kiwe kile kisichohitaji moto mrefu: mkate, tende, biskuti, kunde za kopo, maziwa ya unga kwa watoto. Dawa za presha na sukari za bi mkubwa zitoshe wiki nzima. Tochi, betri, redio ndogo, pawabenki iliyojaa. Tokeni za stima nunua mapema, na pesa taslimu weka kidogo, kwa kuwa mtandao ukianguka, M-Pesa nayo inakaa kimya. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na hati za nyumba tia kwenye mfuko wa plastiki unaofungika na uuweke juu. Wengi husema "nitazibeba nikitoka". Hawazibebi.

Kwa upande wa paa, mwite fundi wakati wa kiangazi akaze mabati na aangalie kenchi. Kata matawi ya mwembe yanayolalia nyumba, na angua nazi zilizokauka. Ua ufagiliwe: ndoo, viti vya plastiki, vipande vya bati, vyote upepo ukivinyanyua ni silaha. Ukiona maji yanakaribia soketi, zima stima kwenye swichi kuu, na usiiguse ukiwa umesimama majini.

Nakaa nyumba ya zamani Mji wa Kale. Kuta zake ni nene, si ndio usalama?

Nene ndiyo, lakini mawe ya matumbawe na chokaa yaliyokosa lipu hunywa maji. Hatari ya nyumba hizi ni mvua ya siku nyingi kuliko upepo wa usiku mmoja. Nyufa mpya, ukuta uliofura, mlango ulioanza kugoma ghafla: ondoka kwanza, uliza baadaye. Na usikae chini ya roshani ya mbao ambayo hakuna anayejua ilitengenezwa lini.

Mimi niko ghorofa ya saba Nyali. Haya yananihusu?

Maji hayatakufikia, vioo vitakufikia. Kaa mbali na madirisha, ingiza ndani vyungu vya maua vya baraza, na kumbuka lifti itakufa pamoja na pampu inayopandisha maji. Gari lililoegeshwa chini ya jengo litolewe mapema.

Mimi ni mvuvi. Nijue nini zaidi?

Wewe unajua mengi kuliko mwandishi, kwa hiyo nitataja machache. Taarifa ya bahari ya Idara ya Hali ya Hewa isomwe na BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kila asubuhi, na ikikataza, imekataza hata kama wenzako wa bandari ya pili wametoka. Ishara ya zamani bado inafanya kazi: mawimbi marefu, mapana, yanayokuja kwa utaratibu kutoka mashariki au kusini-mashariki ilhali hakuna upepo wa kuyaeleza, hayo yana mama yao mahali.

Ukiwa baharini na upepo umeshakuzidi, geuza mgongo kwa upepo: huku kusini mwa ikweta kitovu cha dhoruba kiko upande wako wa kulia. Kaskazini mwa ikweta, kushoto. Jua kiliko ndipo ujue pa kukimbilia. Redio ya baharini iwe kwenye chaneli 16, ambayo kituo cha kuratibu uokoaji kilichoko Mombasa husikiliza. Jaketi za kujiokolea zivaliwe, maana nyingi huzama zikiwa zimefungwa kwenye plastiki yake chini ya benchi.

Kwa chombo kilicho pwani: ngalawa ikokotwe juu kupita mstari wa bamvua, mashine ishushwe ipelekwe nyumbani, mashua iingizwe ndani ya mkono wa bahari kama Tudor au Mtwapa na kutiwa nanga mbili zenye kamba ndefu. Kamba fupi wakati maji yanapanda hukizamisha chombo chenyewe. Halafu, nahodha, usirudi chomboni kukiangalia usiku. Mashua inaweza kununuliwa nyingine.

Kijana wangu amepata kazi melini, dadake anakwenda kusoma Japani. Niwaambie nini kuhusu taifuni?

Huko mambo yamepangwa zaidi kuliko kwetu, kazi yao ni kujifunza utaratibu wa kila nchi na kuufuata bila ubishi wa kipwani.

Japani huzipa taifuni namba kila mwaka kuliko kuzitaja majina, na ina ngazi tano za tahadhari. Ngazi ya 4 ikitangazwa, wote walio maeneo ya hatari wanatakiwa wawe wanaondoka. Ngazi ya 5 maana yake hatari imeshafika, usiisubiri. Treni husimamishwa kwa kutangazwa siku moja kabla, na maduka huishiwa mikate jioni hiyo. Hong Kong hutumia ishara namba 1, 3, 8, 9 na 10; ikipanda 8, shule na ofisi nyingi hufungwa na watu hurudi nyumbani. Ufilipino ina ishara 1 hadi 5, na huzipa taifuni majina yake yenyewe, kwa hiyo Haiyan kwao ni Yolanda. Kijana asishangae akisikia dhoruba mbili kumbe ni moja.

Melini, nahodha huanza kukwepa siku kadhaa kabla. Kaskazini mwa ikweta nusu ya kulia ya kimbunga, ukitazama kule kinakoelekea, ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kusini, ni ya kushoto. Asijifanye shujaa sitahani. Kila kitu kifungwe kamba, milango isiyopitisha maji ifungwe, na asitoke nje bila ruhusa.

Feri ya Likoni itafanya kazi?

Upepo ukizidi huduma inaweza kusimamishwa, na hata isiposimamishwa msongamano utakuwa mkubwa kiasi cha kutisha. Kama una safari ya lazima kusini na una gari, barabara ya Dongo Kundu ipo. Kama si ya lazima, lala uliko.

Maji yamefunika barabara lakini tuktuk zinapita. Nipite?

Usipite. Sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kubeba gari dogo, na 60 hubeba magari mengi. Hapa kwetu kuna la ziada: mifuniko ya chemba iliyoibiwa. Shimo huwezi kuliona. Waya wa stima ulioanguka pia huwezi kuuona.

Mvua ikishakatika, hatari imekwisha?

Inaanza nyingine. Visima vingi vya Mombasa viko karibu na vyoo vya shimo, na mafuriko huvichanganya. Chemsha maji au yatie dawa hata kama yanaonekana safi kama kioo, maana kipindupindu hakina rangi. Mtoto akiharisha maji matupu mfululizo, mpe maji ya chumvichumvi ya paketi huku mko njiani kwenda hospitali.

Wiki moja au mbili baadaye wanakuja mbu. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 Mombasa ilikumbwa na chikungunya, watu wakatembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Mbu huyo huuma mchana na huzaa kwenye maji madogo yaliyotuama: tairi, kifuu, mkebe wa rangi. Mwaga vyote.

Mabadiliko ya tabianchi yanavileta karibu zaidi?

Bahari Hindi imepata joto, na wanasayansi wanakubaliana kwamba bahari yenye joto zaidi hukipa kimbunga mvua nyingi zaidi na kuongeza sehemu ya vile vikali. Idadi yenyewe kwa mwaka haitarajiwi lazima iongezeke. Kwa mji ambao tatizo lake ni maji, hiyo sentensi kuhusu mvua inatosha kutukosesha usingizi.

Si tumwachie Mungu tu?

Dua tunasoma, na misikiti na makanisa ya Mombasa yasiache. Lakini bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake na kutawakali, yaani kumwachia Mungu, aliambiwa amfunge kwanza.

Nitajuaje ujumbe wa WhatsApp ni wa kweli?

Angalia tarehe, saa na chanzo. Taarifa ya kweli hutaja eneo, muda wa kuanza na wa kuisha, na imetoka Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Wenzetu Watanzania wana Mamlaka yao. Ya uongo husema "kesho usiku, wambie wote". Video ya mawimbi yanayobeba magari mara nyingi ni ya nchi nyingine na mwaka mwingine. Kimbunga kinafuatiliwa siku nyingi, kwa hiyo hakitokei kwenye simu ya mtu mmoja tu.

Nimpigie nani?

Dharura yoyote ni 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199. Stima ikikatika au waya ukianguka, Kenya Power ni 97771. Ziandike kwa kalamu kwenye karatasi, uibandike nyuma ya mlango kwa kimo ambacho mtoto wa darasa la nne anaweza kuisoma, pamoja na namba ya yule shangazi.